Ncha ya Sindano

"Huna chuma chochote mwilini, Mama?" aliuliza mtaalamu wa mashine ya picha, ile inayotumia sumaku kubwa.

"Sina," alijibu Siwema bila kusita. Hereni alishazivua. Hata zile pini ambazo fundi cherehani hakosi kuchomeka kifuani alizikabidhi mlangoni, moja moja.

Mtaalamu akamwekea mpira mdogo kiganjani. "Ukizidiwa, ubonyeze, tutakutoa. Lakini mguu usitikisike hata kidogo. Picha ikiharibika, hatutajua mshipa umeziba wapi."

Siwema alijua maana yake. Daktari hakumficha: pale palipoziba pakionekana, watapazibua, pasipoonekana, watakata juu ya goti. Na mguu wenyewe ndio wa kukanyagia cherehani.

Kitanda kikaanza kuingia kwenye tundu la mashine. Hapo ndipo kidole gumba cha mkono ulioshika mpira kilipoanza kumcheza, naye akakumbuka. Miaka ishirini nyuma, akishona sare za shule, ncha ya sindano ilimvunjikia humo. Nyama ikajifunga juu yake, akaisahau.

Akisema, watamtoa, na picha itakuwa basi. Asiposema, Mungu ndiye ajuaye.

"Tunaanza, Mama. Tulia."

Mashine ikagonga kama watu wanaoponda bati. Siwema akafumba macho, akaukaza mguu. Kidole kikawaka moto, kikasogea taratibu, kikaulemea mpira. Naye hakujua kama ni yeye anayekisukuma, au ni mashine inayokivuta.