Wavu wa Kombo

Mahindi yalikuwa tayari kuvunwa, na nguruwe mwitu walikuwa wakiyamaliza. Wawindaji hawakuweza kulizunguka shamba bila wavu wa Kombo, kwa hiyo Nassoro, mdogo wa marehemu Kombo, alisimama nje ya dirisha la mjane wa kaka yake kuuomba.

"Subiri, shemeji," alisema Somoe kutoka ndani. Alikuwa bado yumo edani, hatoki nje. "Naziba tundu alilopitia yule nguruwe aliyemuua kaka yako."

"Lete hivyo hivyo. Mbwa washafika, jua linapanda."

"Hata mimi nilimwambia auchukue hivyo hivyo."

Nassoro akasogea karibu na dirisha.

"Alikuwa amekaa hapa hapa, anaushona. Nikamwambia, umejifungia ndani kama mwari, wenzako washatangulia. Yalibaki mafundo sita. Akaubeba, akaenda." Somoe alikata uzi kwa meno. "Mnasema kaka yako alikuwa mzembe. Hakuwa mzembe. Mimi ndiye niliyemharakisha. Kawaambie wote."

Akaupitisha wavu dirishani. Nassoro akaupokea, akasema, "Haya, shemeji," akaanza kuuvuta taratibu. Ulipobaki urefu wa mkono mmoja tu ndani, ukakazika. Somoe alikuwa hajaachia.