Vidole Vinne

Sihaba alipiga magoti kwenye sakafu yenye oili, pindo la baibui lake jipya likaloa, akachungulia breki ya mbele ya pikipiki nyekundu kama daktari anayechungulia koo la mgonjwa.

"Dada, utachafuka," Yahya alisema.

"Nikichafuka nitafua. Endelea, mdogo wangu. Hii na ile ya buluu zinapishana nini?"

Huu ulikuwa mwaka wa tano Yahya anauza pikipiki za spoti za mtumba pale Dunda, na hakuwahi kumwona mteja anayekuja na daftari. Wanaume wenyewe walikuwa wakiuliza inakimbia kiasi gani, wakapiga picha wameikalia, wakaondoka. Huyu muuza vitenge alitaka kujua uzito, nguvu na umbali wa kusimama. Alikuwa amepokea zamu yake ya mchezo wa kuchangiana pesa, akauza na bangili zake za harusi, ili amnunulie mumewe pikipiki. Kuna wanaume wana bahati zao jamani.

"Ya buluu injini yake ni cc mia tano," Yahya alianza. "Silinda mbili, nguvu za farasi arobaini na saba. Mpole huyo. Ya kijani ni mia nne, silinda nne, inalia vizuri sana, lakini mpaka uikamue ndiyo inakwenda. Nyekundu ndiyo baba lao. Mia sita na hamsini, farasi sabini, na kwa uzito inaizidi buluu kilo tatu tu. Sifuri mpaka mia, sekunde nne. Buluu inafika kwenye sita hivi."

"Na kusimama?"

Yahya alicheka kwa furaha. Swali hilo alikuwa akilisubiri miaka yote mitano.

"Hapo sasa. Buluu na kijani zina ABS. Ukibana breki kwa hofu, zenyewe zinaachia na kubana, tairi haligandi. Nyekundu ni toleo la zamani, haina kitu hicho. Breki yake ya mbele inashikwa kwa vidole viwili, taratibu, kama umeshika kifaranga. Ukiibana ghafla, tairi la mbele linaganda. Pikipiki inabaki nyuma, wewe unatangulia."

Sihaba aliandika yote. "Na pakiwa na mchanga?"

"Mchanga gani?"

"Pale Zinga, kwenye kona. Malori yanaumwaga kila siku."

"Kwenye mchanga usiiguse kabisa hiyo ya mbele. Hata kwa kidole kimoja."

Abuu, mumewe, alikuwa na shamba Zinga. Alikwenda kila Alhamisi, akarudi Jumamosi amenyoa na ananukia, na kwa miaka miwili shamba hilo halikuwahi kuleta nyumbani hata muhogo mmoja. Sihaba hakuwa mtu wa kuuliza maswali.

"Mume wangu ameendesha bodaboda miaka kumi na moja," alimwambia Yahya. "Breki za zile anazikamata kwa vidole vyote vinne, tena ameuma meno. Mkono umeshazoea hivyo."

Yahya alitikisa kichwa. "Basi mchukulie buluu. Nakwambia kama ndugu yako, nyekundu itamuua."

Macho ya Sihaba yalijaa machozi. "Ndiyo maana nauliza sana. Mume ninaye huyu mmoja tu."

Alizizunguka zote tatu mara mbili. Aliigusa siti ya buluu, akairudia nyekundu.

"Lakini hii ndiyo anayoiota," alisema. "Ameweka picha yake kwenye simu, mahali ilipokuwa picha yangu. Liliniuma hilo. Nikimpelekea buluu atanishukuru kwa mdomo tu. Niandikie nyekundu. Hayo ya vidole nitamwambia mwenyewe."

"Utamwambia kweli, dada?"

"Si unaona nimeandika?"

Yahya alitaka kumwongezea helmeti, zawadi ya dukani. Sihaba aliigeuzageuza mikononi, akamrudishia.

"Haitamtosha," alisema. "Ana kichwa kikubwa."

Abuu alipoiona nyekundu ikishushwa kwenye kigari cha mizigo, kirikuu, alipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani alimkumbatia mkewe mbele za watu. Akaipanda, akaiwasha, akapiga resi mbili, na kuku wa jirani wakakimbilia uvunguni mwa kitanda cha watu.

"Naijaribu kwa safari ya Zinga sasa hivi," alisema. Ilikuwa Alhamisi. "Muuzaji amekuelekeza nini? Niangalie kitu gani?"

Sihaba alifungua daftari lake, ingawa hakuhitaji kusoma.

"Breki. Amesema za hizi ni nzito. Ukikuta mchanga tu, iwahi ya mbele. Kamata kwa vidole vyote vinne."

"Kama nilivyozoea."

"Kama ulivyozoea, mume wangu."

Alisimama mlangoni akimpungia mkono mpaka mlio ukapotea upande wa barabara ya Dar. Kisha aliingia ndani, akachomeka pasi, na kutoa sandukuni zile nguo nyeupe za eda alizoshonesha wiki iliyopita.