Mfuko Mwepesi

Maduka yote ya barabara ya Sokoni yalikwishafungwa, likabaki moja lisilo na muuzaji. Humo hukuagiza kitu. Ulipita mlangoni, duka likakutambua, likakutolea mfuko wenye mahitaji ya nyumba yako kwa siku tatu zijazo. Halikuwahi kukosea.

Asubuhi hiyo Bi Tatu alitolewa mfuko mwepesi. Ndani mlikuwa na sabuni na ubani tu. Unga hamna, mafuta hamna, hata chumvi.

"Limeharibika dude hili!" alifoka, akaupiga mlango teke.

Nje alimkuta Mwanahija, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akiburura mifuko miwili.

"Una wageni, shoga?"

"Wageni wa wapi? Limenijazia mchele na kahawa. Mtaa mzima wamepewa hivyo hivyo." Mwanahija akachungulia mfuko wa mwenzake, akaona sabuni na ubani, akaufunga upesi.

Wote wawili waliijua nyumba isiyowasha moto siku tatu, ikapikiwa na majirani. Ni nyumba yenye msiba.

Bi Tatu alikwenda mbio hadi kwake. Mumewe, Sudi, alikuwa barazani, mzima, akicheka na redio.

"Leo nipikie maandazi, mke wangu."

"Unga hamna."

"Basi nikauchukue mwenyewe." Akaanza kutafuta viatu.

"Hutoki humu ndani, Sudi!"

Akamvuta ndani, akakomea mlango. Kisha akawasha jiko, akateleka sufuria ya maji matupu, akaketi kuulinda ule moto usizimike.

Upande wa pili wa ukuta, Mwanahija alikuwa ameanza kupeta mchele.