Sufuria ya Alfajiri

Gizani, kabla hakujapambazuka, mfuniko wa sufuria ulikuwa ukigongagonga jikoni. Mama wa mtoto mgonjwa akakurupuka kitandani.

Alimkuta mama mkwe wake ameinamia jiko. Chupa zote zilizobaki za dawa ya majaribio ya mtoto, za kukaa kwenye friji, zilikuwa zikichezacheza katika maji yanayochemka.

"Si ulisema zina bakteria hai? Mjukuu wangu anyweshwe vijidudu!" bibi alisema, akijifuta jasho. "Nimeviua vyote, mwanangu."

Bakteria hao ndio waliokuwa dawa yenyewe, na watafiti walishasema hakuna nyingine.

"Mama…" alianza, akizima jiko.

Mwanawe, ambaye kila siku huamka akilia na jana usiku alikunywa dozi ya kwanza, alikuwa amesimama mlangoni.

"Leo tumbo haliniumi."