Kukopa kwa Jirani

Sheria ilisema nyumba moja, kiti kimoja chuoni. Walioitunga wana nyumba nyingi. Basi Sekela na bintiye Tumpe walijisomea kwa ajili ya mtihani uleule, na mmoja tu ndiye angeingia.

Tumpe ndiye aliyemfundisha upya mama yake kutoa, maana mashine zilishawasahaulisha watu wazima hesabu. “Mbili toa saba haitoki, mama. Kopa kumi kwa jirani, kisha jirani mpunguze moja.”

Jana, kwenye mazoezi, Sekela alipata hesabu zote. Tumpe hakucheka.

Leo akasema, “Mama, nilikosea. Ukikopa, jirani hapungui.”

“Hapungui?”

“Hapungui, mama.”

Sekela alijua anadanganywa. Hakusikia uchungu wala nini. Alichukua kalamu, akakopa, jirani akamwacha vilevile.

“Hivi, mwanangu?”

“Hivyohivyo,” Tumpe alijibu, akitazama ukuta.