Mkono wa Halua

Halua haitaki mkono uchoke. Jana sufuria nzima ya harusi ilishika chini ikaungua, kwa sababu mkono wa kulia wa Mbwana Saburi ulilegea juu ya mwiko, ukakataa kukoroga.

Leo yuko kwenye duka la vifaa vya mazoezi. Zuwena, mwenye duka, alimpangia mezani springi tatu za kubana kwa kiganja.

"Nyeusi ni ngumu, mzee wangu. Bluu ni ya wastani. Hii nyekundu ni ya kuanzia."

"Mimi ni mpika halua, mwanangu. Nipe nyeusi."

Akabana. Haikutikisika. Akachukua ya bluu, jasho likamtoka. Zuwena akageuka akajifanya anapangusa rafu. Alipomtazama tena, mzee alikuwa na ile nyekundu, vidole vimeizunguka tu kama vya mtoto aliyelala.

"Itakubali. Taratibu tu."

"Daktari naye alisema taratibu. Hakunitazama usoni." Akairudisha mezani. "Nifungie nyeusi. Jikoni kwangu watu wana macho."

Kupokea kwa kushoto ni utovu wa adabu, kwa hiyo alikinga mkono wa kulia. Mfuko ukamponyoka. Zuwena akauokota, akampa, ukamponyoka tena. Safari hii hakumpa. Alimvisha mfuko kwenye kifundo cha mkono, polepole, kama mtu anayetundika kitu msumarini.

"Asante, mwanangu," akasema Mbwana Saburi, akatoka juani, mkono bado ameukinga mbele.