Simu Iliyojifanya Maiti

“Nataka mtu akiiwasha aone imekufa,” mwanamke alisema, akaisukuma simu juu ya meza ya kioo.

Zulqarnain, ambaye soko zima la simu la Multan lilimwita Zulqi, aliweka kando chuma cha kulehemu. Watu walimletea simu ili zing’ae na kuimba. Mmoja alitaka ikiwaka ionyeshe simba akinguruma, yule jina la mchumba likichanua kama waridi, mwingine kila ujumbe ukiingia kisikike kicheko cha mwanawe. Kwa hayo ilibidi avunje kufuli za kiwandani, aingie mpaka ndani kabisa ya simu, atoe picha za kuwakia na milio ya kampuni, apachike zake. Hakuna aliyemfikia kwa kazi hiyo. Lakini simu ya kujifanya maiti hakuwahi kuombwa.

“Ikiwashwa ionyeshe betri tupu yenye alama nyekundu, kisha giza,” mwanamke aliendelea. Alikuwa mtu mzima, amevaa miwani na shali ya kijivu, na alisema kama mwalimu anayesomea wanafunzi imla. “Ikichajiwa, kimya. Mlio wowote, hapana. Na kitufe cha sauti kikibonyezwa mara tatu, ianze kurekodi.”

“Sasa dada yangu, unamficha nani yote haya?”

“Mtu mwenye masikio mepesi.”

Mzee Nisar, muuza makava ya simu wa kibanda cha pili, alikohoa kuficha kicheko. Mwanamke hakugeuka. Alikuwa akiutazama mkono wa kulia wa Zulqi, uliochubuka vifundoni.

“Ni mlango wa duka,” Zulqi alisema. “Ulinibana.”

Kazi ilimchukua siku mbili. Aliondoa mlio wa kuwaka, wa chaji, wa kamera, wa kurekodi. Picha za betri tupu alizichora mwenyewe, moja moja, mpaka ile alama nyekundu ikawa inapepesa kichovu kama ya simu iliyokwisha kweli. Alimpa Mzee Nisar aijaribu. Mzee aliiwasha, akaingoja, akamrudishia.

“Hii katupe,” alisema.

Mwanamke aliichukua bila kutaja jina lake.

Baada ya hapo ndipo Zulqi alipoanza kusumbuka.

“Umemfungulia mke wa mtu mlango wa uani,” Mzee Nisar alimtania wakinywa chai. “Mume anakula daal yake kwa raha zake, kumbe mwenzake anaongea na hawara kwa simu aliyoificha chini ya godoro.”

“Achana na hayo, mzee.”

“Ingekuwa ni wewe je?”

Zulqi aliweka kikombe chini, akarudi kazini. Kwa majuma kadhaa alimwonea huruma yule mume asiyemjua. Kila shali ya kijivu iliyopita aliitazama; moja aliifuata mpaka lango la soko, kumbe siye. Hata nyumbani mawazo hayo hayakumwacha. Jioni moja alilipekua sanduku la nguo la mkewe, Rubab, akalimwaga lote sakafuni asikute kitu, naye Rubab akasimama ukutani.

Mwezi wa tano Rubab alimchukua binti yao wakaenda Bahawalpur kwa kaka yake, wakakawia huko. Zulqi alituma ujumbe, akatuma mwingine. Hakuwa na wasiwasi. Siku zote mkewe alirudi.

Yule mwanamke wa shali ya kijivu ndiye aliyerudi kwanza, asubuhi, na mkoba wa karatasi kwapani.

“Mimi ni wakili,” alisema. “Simu yako imefanya kazi. Kuna mke anaomba talaka kwa sababu ya kipigo, na kamati ya usuluhishi inamtaka fundi aliyeitengeneza. Uje uape kwamba kilichorekodiwa hakikuchezewa.”

Zulqi aliona kifua kikimfunguka. Hakuwa amemsaliti mume yeyote wa watu. “Unasikia, mzee?” alimwambia Mzee Nisar. “Naitwa shahidi.” Alifunga duka, akapitia nyumbani kuvaa kamizi iliyopigwa pasi.

Katika ofisi ya kata wanaume watatu, mwenyekiti katikati na karani pembeni, walikaa nyuma ya meza ndefu. Simu ilikuwa mbele yao. Mwenyekiti alimwonyesha Zulqi kiti kimoja kilichobaki, na Zulqi akaapa mkono wake ukiwa juu ya msahafu.

Alieleza vizuri, bila haraka, kama mtu anayeijua kazi yake. Kila sauti iliyorekodiwa iliingia mahali palipofungwa, pamoja na saa na tarehe yake. Ikikatwa hata sekunde moja, haifunguki tena.

“Nani anaweza kuingia humo na kubadilisha kitu?” mwenyekiti aliuliza.

“Mimi peke yangu. Na tangu niikabidhi, sijaigusa.”

“Mume akikana?”

“Hawezi kukana, mheshimiwa. Kilichomo ndicho kilichotokea.” Aliona karani anaandika maneno yake, akaketi wima zaidi. “Na mwanamume anayempiga mkewe halafu akaja kukana mbele za watu, huyo hana haya.”

Karani alimsomea maelezo yake. Zulqi akatikisa kichwa kukubali, akatia saini.

Wakili aliiwasha simu. Betri tupu ilitokea, alama nyekundu ikapepesa, kioo kikawa cheusi. Akakibana kwa muda kitufe cha pembeni ili rekodi ianze kusikika, akaiweka katikati ya meza.

Kwanza kilisikika kishindo, na sahani zikivunjika. Kisha sauti ya mwanamke, ya chini, kama ya mtu aliyekwisha kuyazoea maneno yake:

“Basi, Zulqi. Mtoto anaangalia.”